Mjafari wa Upande wa Pili

Soko zima lilimwita shangazi yangu Mama Ganzi, naye aliitika bila kinyongo. Jina alilipata kazini. Ukifika mezani kwake umeshika shavu, hakuwa na haja ya kukuuliza una nini. Alikukatia kipande cha gome la mjafari, kidogo kama ukucha, akakuagiza: "Tafuna upande unaouma. Usimeze, na usiongee." Ulimi unaanza kuwasha kama umelamba pilipili, halafu unachezacheza, halafu unapotea kabisa mdomoni, na maumivu nayo yanakwenda zake. Watu walisimama pale wakidondokwa na mate, wanataka kushukuru na maneno hayatoki, naye anawacheka.

"Ganzi hiyo. Sasa kabla haijaisha nenda kwa daktari wa meno aling'oe hilo jino. Mimi nimekutuliza, sijakuponya."

Meza yake ilikuwa imejibana kati ya kibanda cha fundi saa na ukuta wa choo cha soko, na alijisifu kwamba tangu ahamie pale hakuna anayesikia tena harufu ya choo. Ilikuwa kweli. Jani la mjafari ukilifikicha linanukia limau na pilipili kwa pamoja, na yeye alishinda akifikicha majani. Alikuwa na mafungu ya majani makavu ya kujifukizia wenye mafua, miswaki ya vijiti iliyoparuzwa miiba, magome machache kwenye kopo lenye kifuniko, na kile alichokipenda kuliko vyote, yaani matunda. Tunda la mjafari ni dogo kama punje ya pilipili manga. Linaiva kwa wekundu uliofifia, kisha linapasuka lenyewe na mbegu nyeusi inachungulia, inang'aa kama jicho la panya. Alilikausha, akalitwanga, akalichekecha. Wenye kikohozi walilitia kwenye chai. Wapishi wa migahawa walilinunua kama kiungo, na kila mmoja alimsihi asiwauzie wenzake.

Kwa magonjwa hakuwa na mchezo. Mtu akija na homa, swali la kwanza lilikuwa "Umepima damu?" Asiyepima hakuuziwa kitu. Kuna bwana mmoja aliletwa anachechemea, kagongwa na nyoka, kasikia kwamba mjafari unatoa sumu. Wazee walikuwa wakiutumia hivyo kweli. Shangazi hakufungua hata kopo. Alimwita mwenye pikipiki, akamsukumia mgonjwa kwenye kiti cha nyuma, akapiga kelele, "Hospitali, mbio, na usipitie popote!" Yule bwana alipopona alirudi kumshukuru, na kwa kuwa hakujua anunue nini, akanunua mswaki.

Mali hiyo yote ilitoka kwenye mti mmoja uliokuwa uani kwake. Bibi yangu ndiye aliyeupanda, pamoja na mti mwenzake, mwaka aliojenga nyumba. Alikwenda nyuma ya machimbo ya mawe nje ya mji, akang'oa miche miwili ya porini, akaileta imefungwa kwenye kanga iliyolowa. Ikakua, mmoja kila upande wa ua, na bibi alipofariki kiwanja kikagawanywa. Shangazi akachukua upande wa chumba cha nyuma, baba yangu upande wa barabara. Wakajenga ukuta wa kufika kifuani katikati, wakaacha na mlango mdogo, na kila mmoja akabaki na mjafari wake.

Kwa macho miti hiyo ilikuwa pacha. Mashina yote yalijaa vinundu vigumu kama matiti ya mbwa, kila kinundu na mwiba wake nchani. Vijani vilipangana huku na huku kwenye kikonyo, na ukigeuza jani unakuta vijimwiba vingine vimejificha chini yake, vimepinda kama kucha za paka. Ukiliinua jani juani unaona vidoadoa vinavyopitisha mwanga, ndimo mafuta yalimo. Kiangazi yote miwili ilipukutika ikabaki mifupa. Mvua za kwanza yote miwili ikachipua na kutoa maua madogo ya kijani na njano, ambayo usipoinama huyaoni. Tofauti ilikuja baadaye. Wa shangazi uliinamisha matawi kwa matunda. Wa baba haukuwahi kutoa hata tunda moja.

Baba ni seremala. Wakati huo alikuwa na mvi hadi masikioni, lakini kwa dada yake alibaki "we mtoto". Karakana yake ilikuwa chini ya ule mti usiozaa. Meza ya randa, mbao zilizoegemezwa ukutani, viti visivyo na miguu na miguu isiyo na viti. Mimi nilikuwa na cherehani yangu barazani, kwa hiyo nilisikia kila kitu, hata nisivyotaka. Wateja walimtania. "Fundi, mti wako ni tasa." Naye alijibu huku anapiga randa, "Mwacheni. Hata mimi nina wajomba wawili hawajazaa na tunawapenda."

Shangazi hakuupenda. Matawi ya mti wa baba yaliuvuka ukuta na kuzikalia chanja zake za kuanikia kwa kivuli tangu saa nne asubuhi. Majani yake hayakukauka vizuri, yakaota ukungu, akayamwaga kwa hasira upande wetu.

"We mtoto, mti wako unanimezea jua langu."

"Dada, sogeza chanja."

"Niisogeze wapi, kichwani? Mti wenyewe hauna faida. Hauzai, unachana watu mashati. Ukate!"

"Huu umepandwa na mama."

"Na mimi nimezaliwa na mama, mbona hunihurumii?"

Mama yangu, ambaye ni wifi yake na walipendana tangu harusi, alikuwa akinong'ona kwangu, "Mmoja ana randa, mwingine ana mchi. Tuombe wasirushiane."

Mambo yaliendelea hivyo misimu kadhaa. Kisha mteja mmoja akaja kuchukua kabati la harusi ya binti yake, amevaa suti mpya, akageuka vibaya, na mwiba ukamfungua mgongo wa koti kutoka bega hadi kiuno. Mimi ndiye niliyelishona lile koti, na hata leo nikiliona najua pa kuangalia. Baba aliona haya mno. Kesho yake akachukua msumeno, akaukata mti katikati ya kiangazi, ukiwa hauna hata jani. Gogo lilikuwa na moyo wa njano mzuri ajabu. Alilitazama kwa muda, akalipaka chokaa kwenye ncha lisipasuke, akaliweka nyuma ya mbao nyingine. Siku nzima hakuimba, na baba yangu bila wimbo hajui hata kupiga msumari.

Shangazi yeye alifurahi. Jua lilimwagika uani kwake kama maji. Alileta birika la chai mwenyewe, akapita mlango mdogo akisema, "Umefanya jambo la kiume, mdogo wangu," na ilikuwa mara ya kwanza kumwita mdogo wangu mbele za watu.

Mvua ikanyesha. Mjafari wake ukachipua, ukatoa maua tele. Shangazi akaazima magunia mapema. Maua yakanyauka, yakaanguka, na nyuma yake hakukuja kitu. Kila asubuhi alikwenda chini ya mti na kuinua matawi kwa fimbo kama mtu anayetafuta ufunguo. Vijani, miiba, basi.

"Umejichokea tu," mama alimfariji. "Hata mtu hupumzika."

Msimu uliofuata ikawa vile vile, maua mengi na tunda hakuna. Wapishi wakaanza kumpita kwa haraka, wakijifanya wanaangalia simu. Akatokea mezani kwake kijana wa kiume mwenye gunia la magome. Magome mapana, makubwa, ya porini.

"Haya yametoka mti mmoja?" shangazi alimuuliza.

"Mmoja tu, mama. Nimeumenya wote kama ndizi."

"Na mti umeuachaje?"

"Umesimama."

"Umesimama kwa sababu haujapata habari. Gome likitoka pande zote, mti umekufa. Sinunui. Na ukirudi na mengine nitakutafunisha gunia zima."

Alilisema kwa ukali, lakini jioni nilimkuta amekaa juu ya magunia matupu, mikono mapajani, hafikichi chochote.

Ndipo akaanza kutafuta mchawi. Kwanza ilikuwa maji ya sabuni niliyomwaga mimi. Nikaacha kumwaga. Halafu ikawa moshi wa jirani. Halafu siku moja alimwona baba akiosha brashi zake za vanishi kwa tapentaini, na yale maji yakachirizika chini ya ukuta kuelekea kwake. Alisimama hapo akiyatazama yanavyopita. Kisha akaupita mlango mdogo bila kuvaa viatu.

"Kwa hiyo ni wewe."

"Mimi nini, dada?"

"Umekata wako, ukaona wangu umebaki, moyo ukakuuma. Unaunywesha tapentaini mti wa mama!"

Wateja wawili walikuwepo. Baba aliweka brashi chini taratibu. Nilimjua baba yangu, akiwa na hasira hapandishi sauti, anaishusha.

"Niliukata kwa sababu wewe ulinisumbua mpaka nikachoka. Sasa nimekuwa mwuaji wa miti?"

"Maji haya ni ya nani?"

"Dada, rudi kwako."

Alirudi kwake. Na baba akachukua vipande viwili vya mbao, akaupigilia ule mlango mdogo misumari, nyundo ikisikika mtaa mzima.

Walinuniana tangu wakati ule. Wakikutana barabarani kila mmoja alitazama ng'ambo yake. Mama alipeleka chakula kwa wifi yake kwa kuzunguka nje, sufuria chini ya kanga, kana kwamba anasafirisha magendo. Mimi nikawa posta. "Mwambie baba yako..." "Mwambie shangazi yako..." Nilichoka nikasema nitaanza kutoza nauli.

Katikati ya ugomvi huo jino la baba likaamka. Shavu lilivimba kama ameficha embe. Alitembea karakana nzima akiugua, na mama akimwambia aende ukutani aombe, anatikisa kichwa. Nilitoka bila kuaga nikaenda kwa shangazi. Sikumaliza hata sentensi. Alifungua kopo, akatafuta gome zuri kuliko yote, akalikwangua uchafu kwa kisu.

"Mpe. Mwambie... hapana, usimwambie kitu. Mwambie asimeze."

Baba alilitafuna akiwa amegeukia ukuta. Punde akageuka, jicho limetulia, akataka kusema neno na ikatoka "Lalalu lake." Mama alicheka mpaka akakaa chini. Baba naye akacheka, mate yakamchuruzika, na kesho yake akaenda kulingʼoa kwa daktari. Lakini mlango wa ukutani hakuufungua. Alisema gome ni gome, na kusingiziwa ni kusingiziwa.

Aliyefumbua fumbo ni fundi saa, jirani wa shangazi sokoni. Alikuwa mtu mkimya, kioo chake cha kukuzia kimebanwa jichoni muda wote, ukimsalimia anakuinulia jicho moja kubwa kama la samaki. Kazi za saa zilikuwa zimepungua, na saa zake nyingi aliziwekeza kwenye mipapai aliyopanda nyumbani. Shangazi alikuwa akimlalamikia kwa mara nyingine habari za maua yanayoanguka.

"Mama Ganzi," alimkatiza, "mpapai wangu uliwahi kufanya hivyo. Nilikata dume."

"Dume gani?"

"Mpapai dume. Unatoa maua tu, hauzai. Nikaona unajaza nafasi, nikaukata, na majike yakagoma. Mti wako ni dume au jike?"

"Mjafari ni mjafari. Una jinsia gani tena?"

"Lete ua tuone."

Ilikuwa tena msimu wa maua. Kesho yake shangazi alikuja na kitawi kimefungwa kwenye karatasi, na mimi nilikuwepo kwa kuwa nilikwenda kununua uzi. Fundi saa alikishika kiua kwa koleo lake dogo, lile analoshikia vijigurudumu vya saa, akakisogeza chini ya taa. Akakitazama muda mrefu. Akavua kile kioo, akampa shangazi.

"Katikati unaona nini?"

"Kikokwa. Cha kijani. Kina kama... kina kichwa."

"Hicho ni tunda linalosubiri. Na pembeni yake? Unaona vijiti vyenye unga wa njano?"

Shangazi alikisogeza kioo karibu zaidi. "Hakuna unga."

"Basi wako ni jike. Unga unatoka kwa mwingine."

Shangazi alikiweka kioo mezani. Niliona uso wake ukibadilika. Alikuwa akikumbuka, na mimi pia nikakumbuka. Kila mwaka mvua zikianza, meza ya randa ya baba ilifunikwa na vumbi la njano lisilo la mbao, na nyuki walivuma juu yake mpaka baba akafanya kazi amejifunga taulo kichwani. Mashuka ya shangazi mwenyewe yalikuwa yakitoka kambani na madoa ya njano, naye akimtukana mdogo wake kwa kuweka rangi hovyo.

"Mungu wangu," alisema. "Nimemkatisha mume wa mti wangu kwa mdomo wangu mwenyewe."

Alifunga meza mchana kweupe, jambo ambalo hata kwenye msiba wa bibi nasikia alilifanya kwa kuchelewa. Nilimfuata mbio. Alizunguka kwa mbele, akaingia karakana, akasimama mbele ya baba aliyekuwa akipiga msasa mguu wa meza.

"Mdogo wangu, nimekukosea."

Baba aliendelea na msasa.

"Tapentaini haikuhusika. Mti wako ulikuwa dume. Ndio uliokuwa unauzalisha wangu. Nilikusumbua ukaukata, halafu nikakuita mchawi. Mbele za watu. Nimekuja mbele za watu."

Kweli palikuwa na mtu, mteja mmoja aliyekuja kupima kitanda, ambaye alijifanya anahesabu misumari.

Baba alipuliza vumbi la mbao. "Kwa hiyo yule waliyemwita tasa miaka yote..."

"Ndiye alikuwa na watoto wote."

Mabega ya baba yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, na labda kidogo ndivyo ilivyokuwa, lakini kilichotoka kilikuwa kicheko. "Na watu walivyomtania, masikini, hakujibu hata siku moja!" Shangazi naye akacheka huku anafuta macho kwa ncha ya kanga. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akawatazama, akaniambia, "Mletee baba yako nyundo ang'oe ile misumari kabla hajabadilisha mawazo."

Kuomba radhi hakukuleta matunda lakini. Maua yalikuwa juu ya mti, yana siku zake chache, na dume lilikuwa gogo nyuma ya mbao. Fundi saa, aliyefika jioni kujua mambo yameishaje, ndiye aliyesema kwamba alisikia wakulima wa mitende hukata maua ya dume na kuyafunga kwenye jike. Baba na dada yake walitazamana. Wote walijua machimbo ya mawe yalipo.

Tulikwenda asubuhi na gari la kubebea kokoto, shangazi mbele na dereva, mimi na baba nyuma na ndoo za maji. Nyuma ya machimbo mijafari ilikuwa bado ipo, imesimama kwenye mawe pasipoota kitu kingine cha maana. Shangazi alikuwa amepewa kile kioo kwa kuapa kwamba hatakiangusha. Alikwenda mti hadi mti, anavuta tawi, anabana jicho, anasema "Jike. Jike. Huyu jike," na baba nyuma yake na msumeno anangoja hukumu.

Mama mmoja aliyekuwa akivunja mawe, kilemba kimejaa vumbi jeupe, aliacha nyundo akatufuata. "Mnatafuta nini?"

"Mwanamume," shangazi alijibu bila kugeuka.

"Hapa? Bora urudi mjini."

Alipoelezwa alicheka, kisha akatuonyesha miti miwili kando ya korongo. "Hiyo haizai kabisa. Matunda tunachuma kule, tunatia kwenye chai vumbi likitubana kifua. Hiyo huwa tunaanikia nguo." Shangazi alivuta tawi. Vumbi la njano likamwagika kwenye shavu lake, na nyuki mmoja akatoka kwa hasira. Alisimama hivyo hivyo na uso wa njano, akitabasamu kama bibi harusi.

Walikata matawi machache tu, ya pembeni, na shangazi alihakikisha mti haudhuriki. Tuliyatia kwenye ndoo za maji. Safari ya kurudi sitaisahau kwa sababu ya miiba. Kila shimo la barabara lilinikumbatisha tawi, na baba alikuwa akiimba.

Baba alipanda ngazi, mimi nikishika chini, shangazi akiamuru. Tulifunga makopo ya maji katikati ya matawi ya mti wake na kuchomeka yale ya dume ndani yake. "Juu zaidi. Siyo hapo, hapo ndege watayaangusha. We mtoto, unaogopa mwiba?" "Dada, panda wewe." Damu ilimtoka baba mikononi na kichwani. Majirani walikusanyika ukutani wakitaka kujua kwa nini mti umevalishwa makopo. Hatukuwa na la kufanya zaidi. Tuliwaachia nyuki.

Shangazi hakutaka kutazama. Alipita chini ya mti ameinamisha kichwa, akaenda sokoni na kurudi. Mama ndiye aliyeona kwanza, alipokwenda kuanika nguo. Aliita jina la wifi yake kwa sauti iliyotufanya wote tudhani nyoka. Upande wa makopo, chini ya vijani, vilikuwepo vijitunda vya kijani, vidogo kama vichwa vya pini, vimeshikana mafungu mafungu. Upande wa pili hapakuwa na kitu, kwa kuwa ngazi haikufika. Baba alijaribu kujitetea kuhusu upande ule na hakuna aliyemsikiliza. Shangazi alikuwa ameshika tawi bila kujali miiba, analibembeleza.

Mavuno hayo hayakujaza gunia. Wapishi walipata kidogo kidogo, na yule wa kwanza aliyekimbilia simu yake alipata cha mwisho. Lakini shangazi alitenga mbegu. Mbegu ya mjafari ni kaidi, ina mafuta na ganda gumu. Alizisugua kwa mchanga, akaziloweka, akaziotesha kwenye makopo barazani kwangu, miguuni pa cherehani, kwa kuwa kwangu jua la asubuhi linafika kwa upole. Nyingi hazikuamka. Chache ziliinuka, na zikiwa bado na majani mawili tu tayari zilikuwa na miiba.

Mwaka uliofuata tulirudi machimbo kukata matawi tena, na yule mvunja mawe alikuwa akitungojea na habari mbaya. Wenye machimbo walikuwa wanapanua. Eneo la mijafari lingelipuliwa kabla kiangazi hakijaisha. Shangazi alikaa juu ya jiwe. Alitazama ile miti mikubwa, ambayo hakuna gari lingeweza kuibeba, kisha akatazama chini, kwenye nyufa, ambako miche ilikuwa imejiotea yenyewe, ya kimo cha goti na ya kimo cha kidole.

"Mama alitoa miwili," alimwambia baba. "Sisi tuna mikono mingapi?"

Tulikuja na majembe, magunia yaliyolowa na kila mtu aliyekubali. Fundi saa alifunga kibanda. Wavunja mawe walituonyesha namna ya kupenyeza mtaimbo kwenye ufa bila kukata mzizi, kazi ambayo wao waliifanya kwa urahisi na sisi tulibaki kusifu. Baba alijenga matenga ya mbao ya kubebea. Uani kwetu hapakuwa na nafasi ya miche yote hiyo, kwa hiyo shangazi alikwenda kwenye zahanati, ambako kwa miaka mingi alikuwa akiwapelekea watu wenye homa, na muuguzi mkuu akamwambia nyuma ya jengo kuna kipande kirefu cha ardhi ambacho hakuna anayekitaka.

Tuliipanda pale, safu mbili, mbali na njia wanayopita wagonjwa ili isiwachane nguo. Baadhi ilikufa wiki za kwanza. Iliyobaki ilisinyaa, ikafikiri, kisha ikatoa majani mapya.

Muuguzi mkuu alitoka wakati wa mapumziko yake, kikombe mkononi, akatukuta tunamwagilia. Alichuma jani, akalifikicha, akalinusa na kushangaa.

"Ipi ni dume na ipi ni jike?" aliuliza.

"Bado haijui," shangazi alisema, akimimina maji taratibu kwenye mzizi. "Tutaiuliza ikitoa maua."

"Yaani lini?"

"Miaka. Wewe utakuwa umestaafu na mimi nitakuwa mzee kweli, siyo kwa uzee huu wa kujaribia." Alinyoosha mgongo, akaiangalia safu yote mpaka mwisho, na kunigeukia. "Ndoo hii imekwisha. Jaza nyingine, tumalize kule kwenye uzio kabla jua halijawa kali."